Marafiki wapya Valencia: ningojee kualikwa au nijipeleke mwenyewe?

Abiria wa 58

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Nimerudi nyumbani Buruburu kwa mapumziko ya Krismasi baada ya kukaa miezi minne Valencia, Uhispania, ninakosomea shahada ya uzamili, na nitarejea huko tarehe 4 Januari. Masomo hayanitishi. Kinachonitatiza ni kwamba katika miezi hiyo minne nimezungukwa na watu wachangamfu kupita kiasi, watu wanaokubusu mashavu yote mawili siku ya kwanza mnapojulishana, na bado Jumapili ikifika najikuta chumbani peke yangu nikizungumza na mama kwa simu mpaka yeye ndiye anayetafuta sababu ya kukata. Nawaandikia ninyi mliowahi kuishi katika nchi zinazozungumza Kihispania kwa sababu nashuku kuna jambo ambalo sijalielewa, na jambo lenyewe si sarufi.

Niwape mifano miwili. Darasani kwetu kuna msichana mmoja, mtu mwema ambaye ndiye aliyenisaidia kutafuta chumba, na kila tulipoachana mlangoni aliniambia «a ver si quedamos», maneno niliyoyaelewa kuwa tutafute siku tuonane. Nikangoja anitajie siku. Nilivyolelewa mimi, mtu akishatoa neno la namna hiyo humfuatifuati. Unamwachia alikamilishe mwenyewe, maana ukimkumbusha utaonekana unamdai. Majuma matatu baadaye niliona picha yake akiwa na wenzetu saba wa darasa katika baa moja ya mtaa wa Ruzafa, wamejibana kwenye meza ya watu wanne, wanacheka. Nilipomuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, alishangaa kwa dhati kabisa: mbona wako pale kila Alhamisi, na mbona mimi siji? Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa amenialika, lakini sikuthubutu kumwambia hivyo, kwa sababu uso wake ulionyesha kwamba ni yeye aliyedhani nimewakataa.

Mfano wa pili uliumiza mfuko zaidi ya moyo. Mwezi wa Novemba nilitimiza miaka 26. Hapa Nairobi mwenye siku yake hununuliwa keki na marafiki, na asipokuwa na bahati humwagiwa ndoo ya maji baridi mbele ya majirani wote. Basi nilitoka na yuro 15 mfukoni, nikijua kwamba kazi yangu ni kukaa na kushukuru. Walinivuta masikio mara 26, wakihesabu kwa sauti hadi wateja wa meza nyingine wakaitikia, na bili ilipoletwa ikawekwa mbele yangu kana kwamba ni zawadi. Ilikuwa yuro 74. Mpangaji mwenzangu ndiye aliyenikopesha, na nililala usiku ule nikiamini kwamba nimefanyiwa ujanja.

Kuna na mengine madogo. Chakula cha jioni huanza saa tatu au saa nne za usiku, wakati ambapo mimi hapa nyumbani ningekuwa nimeshaosha vyombo. Sinywi pombe, na karibu kila mkutano ni wa baa. Nilimkaribisha mwenzangu mmoja ale chapati na ndengu. Akaja, akala, akasifu, akaongezwa, lakini mpaka leo sijui mlango wa kwao una rangi gani.

Swali langu, basi, ni hili: rafiki wa kule hupatikana vipi? Nijipeleke mahali ambapo sikualikwa, jambo ambalo mama yangu angeliita kudoea bila kupepesa macho, au nitulie mpaka waniite?

Mwalimu wa Parklands

Binti yangu, pole kwa bili, ila usiseme ulifanyiwa ujanja. Kule mwenye siku yake ndiye mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayelipa. Miezi iliyobaki utakunywa kwa wengine, kila mmoja zamu yake itakapofika, na mwisho wa mwaka hesabu zitakuwa sawa. Hapo hapo ujifunze kitenzi «invitar». Vitabu hutuambia kwamba maana yake ni kualika, lakini mtu aliyeketi baani akikwambia «te invito» anasema kwamba analipa yeye. Asipotamka neno hilo, kila mtu atoe chake. Wakiwa wengi huanzisha «bote», yaani kila mmoja anatumbukiza kiasi fulani mwanzoni, vinywaji vinalipiwa humo, na pesa zikiisha mnachanga tena. Mtu aliyekulia katika vyama vya Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Vilevile, kama bado hujafungua akaunti katika benki ya kule, fungua, kwa sababu marafiki hurudishiana yuro mbili tatu kwa Bizum, huduma ya kutumiana pesa kwa nambari ya simu ambayo benki za Uhispania ziliianzisha mwaka 2016. Ndiyo, najua: sisi tunayo M-Pesa tangu 2007 na hatukuhitaji benki yoyote. Waambie mara moja, wastaajabu, kisha uliache.

Sasa lililo kubwa. Niliishi Valencia na baadaye Madrid kwa miaka minane, nikarudi nikafundisha lugha hiyo hapa mjini hadi nilipostaafu, na karibu kila mwanafunzi wangu aliyekwenda aliniandikia barua hii hii yako. «A ver si quedamos» si mwaliko, na wala si uongo. Ni kwaheri iliyotiwa wema, kama vile sisi tunavyoachana Moi Avenue tukiambiana kwamba siku moja ni lazima tunywe chai, na hakuna kati yetu anayekwenda nyumbani kuchemsha maji. Mwaliko wa kweli una siku, una saa, una mahali. Lakini kuna mwaliko wa namna nyingine ambao hautamkwi kabisa, nao ni ule wa mahali ambapo kundi hukutana siku zote, na hapo ndipo ulipoteleza. Alhamisi ya Ruzafa haina kadi, kama vile ibada ya Jumapili isivyokuwa na kadi. Huyo aliyekuuliza kwa nini huji alikuwa ameshakuhesabu. Kwetu anayengoja ana adabu. Kule anayengoja huonekana hana haja.

Kuhusu kudoea, mama yako yuko sahihi kabisa kwa hapa Buruburu, kwa kuwa hapa ukijileta unamlazimisha mwenye nyumba kuongeza maji kwenye mchuzi. Baani hakuna mwenye nyumba. Unavuta kiti, unaagiza chako, unalipa chako. Umemdoea nani?

Na ndiyo sababu hujauona mlango wa mtu. Wengi wa rika lako kule bado wanaishi na wazazi, au wamebanana watatu katika nyumba ya ghorofa, kwa hiyo sebule yao halisi ni meza iliyo kando ya barabara mbele ya baa ya chini. Nyumba huwekewa jamaa na marafiki wa tangu shule ya msingi. Usiende kupiga hodi bila taarifa kama unavyofanya kwa jirani wa Buruburu, na usihesabu mlango uliofungwa kuwa moyo uliofungwa. Angalia jambo jingine: usipotokea Alhamisi moja, kuna anayekuandikia kuuliza uko wapi?

Pombe si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. Agiza «mosto», ambayo ni maji ya zabibu yasiyochachuka, au kahawa, na hakuna atakayekuhoji. Tena uko mji wa horchata! Kinywaji hicho cheupe, kitamu, kinachonywewa baridi, hutengenezwa kwa chufa, yaani viazi vidogo mfano wa kunde vya mmea wa jamii ya ndago, na mashamba yake yako Alboraya, mlango wa pili tu kaskazini mwa jiji. Mwambie yule msichana wako, kwa siku na kwa saa, kwamba unampeleka kunywa horchata na kuchovya «fartons», vile vimkate virefu vyenye sukari, na umwambie «te invito». Nakuhakikishia hatasahau.

Kama usiku unakushinda, tumia asubuhi. Watu wa Valencia wana mlo ambao sehemu nyingi za Uhispania hawaupi heshima hiyo: «esmorzaret», wa kama saa nne asubuhi, mkate mrefu uliojazwa mayai au nyama hadi haufungiki, karanga na zeituni kando, kisha kahawa. Ni chai ya saa nne ya ofisi zetu, ila imevimba. Watu wazima kabisa hukutana kila Jumamosi kwa ajili ya jambo hilo peke yake. Na popote mtakapokula, usiinuke mara tu sahani inapoondolewa. Kipindi kinachofuata chakula kina jina lake, «sobremesa», na humo ndimo watu wanamofahamiana. Mhudumu mwenyewe hataleta bili mpaka aitwe. Humo humo watakukatiza maneno, watazungumza watatu kwa pamoja, nawe ukingoja kwa heshima mpaka wanyamaze utangoja hadi kiama. Ingilia. Kule kumkatiza mtu ni kumwonyesha kwamba unamfuata.

Una akiba nyingine ambayo wanafunzi wa mataifa mengine hawana. Irabu zetu tano ndizo irabu zao tano. Ile «z» ya Uhispania, inayowatesa wageni wengi, ni «th» ya thelathini, na «j» yao ni «kh» ya Khamis anapoitwa na mtu wa Lamu. «Hasta» yao na «hata» yetu zimetoka katika neno moja la Kiarabu, «fulano» ni fulani yule yule, na «alcalde», meya wao, jina lake limetokana na kadhi. Mambo haya matatu yaliwahi kunipatia marafiki wa jioni nzima katika meza moja. Ila uwe mwangalifu ukiwa kwenye simu mbele yao: ukimwita nduguyo «kaka» watu wataangua kicheko, kwa sababu kwao neno hilo ni la chooni, na la watoto wadogo hasa.

Mkimbiaji wa Karura

Dada, nadhani kila unapotaja kwamba unatoka Kenya swali la pili ni kama unakimbia. Usikasirike. Kelvin Kiptum alianzia mbio zake za kwanza za marathoni Valencia, Desemba 2022, akamaliza kwa saa 2:01:53, na wakazi wa mji ule wanazijua mbio kama sisi tunavyojua nambari za matatu. Bustani ya Turia, ambayo ni mkondo wa zamani wa mto uliohamishwa baada ya mafuriko ya Oktoba 1957, imekatiza mji na kila jioni imejaa makundi ya wakimbiaji. Nilipokuwa kule miezi mitatu kwa mafunzo ya kazi nilijiunga na kundi moja, nikawa wa mwisho kila siku, Mkenya wa mwisho, na hilo liliwafurahisha mno hata wakawa wananingojea mwishoni wakipiga makofi. Hakuna baa, hakuna usiku wa manane, na mtu anayehema hana nafasi ya kukukosoa sarufi.

Mzee Kijana wa Ngara

Mwalimu amesema vizuri, lakini naomba nimpunguze kidogo, kwa sababu mtu akisoma hapa anaweza kufikiri kwamba Kihispania ni nchi moja. Mimi nilikaa Buenos Aires miaka mitatu. Juma la kwanza nilibusiwa shavu moja, si mawili, na waliobusu walikuwemo wanaume wenye ndevu, jambo ambalo sikuwa nimeandaliwa. Jumapili ya kwanza nilikuwa tayari nyumbani kwa mfanyakazi mwenzangu, nyuma ya nyumba, nimekabidhiwa sahani ya nyama. Mtu wa Kenyatta Market hawezi kujihisi mgeni mbele ya «asado», nyama choma yao. Tofauti ni kwamba nyama ikishaliwa wanampigia makofi mchomaji, na usipopiga utaonekana hukushiba.

Kosa langu lilikuwa katika «mate». Ni majani ya yerba yanayotiwa katika kibuyu kidogo, yakamiminiwa maji ya moto yasiyofikia kuchemka, na kunyonywa kwa mrija wa chuma. Kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja kwa kundi lote. Mmiminaji anajaza, anakupa, unamaliza, unamrudishia, anajaza tena kwa ajili ya anayefuata, na zamu inazunguka hivyo kwa saa nzima. Mimi, mtoto wa mama, kila niliporudisha kibuyu nilisema «gracias». Kikawa hakinirudii. Siku ya kwanza nilidhani wamesahau, siku ya pili nikadhani wananitenga kwa ajili ya mdomo wangu, nikaenda nyumbani nimenuna. Baada ya juma zima mwenzangu mmoja akaniuliza kwa nini sipendi mate yao. Kumbe kusema asante ndiyo kusema nimetosheka, nisipewe tena! Adabu niliyofundishwa Ngara kwa mwiko wa ugali ndiyo iliyokuwa inanitoa katika duara.

Kwa hiyo, Abiria, mimi sioni kwamba jibu ni kujipeleka tu. Jibu ni kuuliza, na kuuliza mapema, kwa mtu mmoja unayemwamini: hapa mnafanyaje? Watu hupenda sana kuulizwa habari za desturi zao, na kila mmoja atakupa jibu tofauti na la mwenzake, wakaanza kubishana wao kwa wao, na tayari una mazungumzo. Nikumbushe pia kwamba Argentina wana siku ya marafiki, tarehe 20 Julai, iliyochaguliwa kwa sababu ndiyo tarehe mwanadamu alipotua mwezini mwaka 1969. Usiku huo hupati meza mkahawani usipoiweka mapema. Mwaka wa kwanza niliitumia siku hiyo nikila mkate peke yangu kwa kutojua. Mwaka wa tatu nilikuwa na mialiko miwili, nikachelewa yote miwili, na hakuna aliyeona ajabu.

Mama Pili, South B

Nimecheka habari ya bili mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Sisi tulikaa Mji wa Meksiko miaka miwili kwa ajili ya kazi yake. Jirani wa ghorofa ya juu, mama wa makamo mwenye maneno matamu, alinikuta kwenye ngazi akaniambia kwamba Jumamosi saa nane wanatusubiri tule pamoja «en su casa», yaani, nilivyofahamu mimi na kamusi yangu, nyumbani kwako. Nilidhani ni desturi yao kwamba wenyeji huja kumfungulia mgeni nyumba. Nikasafisha kila pembe, nikapika pilau la watu wanane, nikamvalisha mtoto viatu ndani ya nyumba. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu simu ikalia: mbona hamji, chakula kinapoa? Kumbe kwa adabu za Meksiko mtu huitaja nyumba yake mwenyewe kuwa ni nyumba yako. Tulibeba sufuria la pilau tukapanda nalo ngazi, mume wangu mbele, mimi nyuma na kachumbari, na yule mama alipoelewa kilichotokea alikaa chini kwenye zulia akicheka hadi machozi. Aliisimulia hadithi hiyo kwa kila mgeni aliyeingia kwake miaka miwili mfululizo, mbele yangu, na kila mara akiongeza idadi ya watu wa lile pilau. Walifika ishirini.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Mwalimu. Anashauri ulijue kundi na ratiba yake, na ni kweli; lakini mimi sikupata urafiki kwa kufanya mambo sawasawa, niliupata kwa kukosea mbele ya watu na kutoficha. Abiria, yule msichana alipokuuliza mbona huji, ungemwambia ukweli wote pale pale: kwamba kwenu mtu hungoja kuitwa, na kwamba umengoja majuma matatu ukiwa umejipaka mafuta. Mngecheka wote wawili. Bado hujachelewa kumwambia.

Kuhusu saa, jizoeze kuwa mpole. Wameksiko wakikwambia «ahorita» inaweza kuwa sasa hivi, inaweza kuwa jioni, inaweza kuwa kamwe, na sauti ndiyo inayokueleza ni ipi. Nilipolalamika kwa jirani yangu akaniuliza kama Nairobi watu hufika kwa wakati. Nikakumbuka ni mara ngapi nimemwambia mtu niko njiani ilhali niko bafuni. Sikulalamika tena.

Kwa kuwa unarudi tarehe 4, utaiwahi tarehe 6 Januari, siku ya Mamajusi. Meksiko tulikata mkate wa duara uliofichwa vidoli vya Mtoto Yesu ndani yake, na ambaye kipande chake kilikuwa na kidoli alilazimika kuwalisha wote «tamales», vile vya unga wa mahindi vilivyofungwa na kupikwa kwa mvuke, tarehe 2 Februari. Uhispania nako wana mkate huo, «roscón», ila humo hufichwa kisanamu na punje ya haragwe: mwenye kisanamu huvikwa taji, na mwenye haragwe hulipia mkate. Tafuna polepole. Na safari hii nenda na pesa.

Abiria wa 58

Nawashukuru kwa moyo wote, na Mzee Kijana aelewe kwamba hapa nasema asante bila kumaanisha kwamba nimetosheka.

Nimesoma majibu yenu kwa sauti jikoni. Mama amesema kwamba Mwalimu ni mtu mwenye hoja, lakini suala la kuvuta kiti bila kuitwa bado linamwasha. Tumekubaliana kwamba baa si nyumba, na kwamba kudoea kunahitaji sufuria ya mtu. Kuhusu mbio, ndugu wa Karura, mimi mbio zangu zote nimezifanya asubuhi nikilikimbiza gari la 58, ila kundi linalongojea wa mwisho kwa makofi nitalitafuta.

Jana usiku nilifuata ushauri wa Mama Pili. Nilimwandikia yule msichana ujumbe mrefu nikamweleza kila kitu: majuma matatu, picha, yuro 15, masikio. Niliusoma mara nne nikitafuta makosa ya viambishi, kisha nikautuma kabla sijajirudi, nikaizima simu kama mwoga. Asubuhi nilikuta amejibu kwa sauti, dakika nne na sekunde kumi na mbili, na nyuma yake kuna kelele za watu na vyombo kana kwamba anazungumzia ndani ya jokofu la baa. Nimeisikiliza mara tatu. Nimeshika «jueves», yaani Alhamisi, nimeshika «roscón», nimesikia akicheka mahali ambapo nadhani ni pa bili, na mwishoni kuna mtu mwingine, mwanamume, anayepaza sauti akitaja chapati. Yaliyo katikati bado sijayapata.

Naomba msaada wa mwisho. Nataka kuwapelekea kitu kutoka nyumbani. Nibebe nini ambacho hakitanyang'anywa uwanja wa ndege?

Mwalimu wa Parklands

Beba majani ya chai ya Kericho, pakiti nyingi ndogo badala ya moja kubwa, uwape mmoja mmoja mkononi. Kahawa yetu pia itapokelewa vizuri, ingawa watakuambia kwamba ya kwao ni bora na utawaacha wafurahi. Kitambaa cha leso chenye jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kinafaa kwa yule msichana, na umtafsirie maandishi, maana swali la kwanza litakuwa hilo. Nyama na maziwa usibebe kabisa, kwa namna yoyote ile; msafiri anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia navyo, kwa hiyo nyirinyiri na mursik vibaki hapa.

Unga wa chapati utaupata kule kule madukani. Kuhusu ile sauti ya dakika nne, isikilize ukiwa na kalamu, sehemu ndogo ndogo, na usipoelewa usijifanye umeelewa: mpigie umuulize. Wao saa hizi wako nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo ngoja angalau hadi saa sita mchana ya hapa. Kabla ya hapo, siku ya likizo, hakuna mtu wa umri wake aliyeamka.